Fundi Aliyekataa Kumfungulia Binti Yangu

Uvumi ulianzia sokoni Muyinga, upande wa wauza dagaa, ukanifuata mpaka nyumbani. Watu walisema chuo kikuu kimoja mjini Gitega, kile anachosoma binti yangu Christina, kimeleta mashine inayowatambua watoto waliokulia Tanzania. Ikishawatambua inawafungia mmoja mmoja mpaka waondoke wenyewe. Aliyenifikishia habari ni jirani yangu Vumilia, ndoo ya maji ikiwa bado kichwani.

"Mama Christina, wewe umekaa tu? Wenzako wanasema ikiona jina la kwetu inakataa."

"Jina la kwetu lipi? Christina ni jina la kwetu?"

"Mimi sijui. Mashine ndiyo inajua."

Nilicheka ili aondoke. Lakini sisi tuliorudi kutoka kambi za wakimbizi kule Tanzania, neno la kufukuzwa hatulipimi mara mbili, tunaliamini palepale. Nilipalia maharage nikiwa na uvumi ule, nikapika nao, nikaenda nao kanisani. Mwishowe nikampigia Christina simu nikitegemea anicheke. Hakucheka.

"Ni kweli mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nimefungiwa."

Ndiyo sababu nikasafiri, na ndiyo sababu ninaandika. Nimesoma shule ya msingi tu, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoelezwa. Ninataka kuwaonya wazazi wenzangu, na pia kumshukuru mtu mmoja ambaye siku ya kwanza nilimtukana.

Ni saa mbili asubuhi katika korido ya jengo la sayansi. Juu ya ngazi amesimama mwanamume ambaye kichwa chake kimezama ndani ya dari mpaka mabegani. Kinachoonekana ni shati lenye vumbi jeupe, mkanda uliojaa koleo na bisibisi, na viatu vya raba. Mkono mmoja unashuka, unapapasa hewani, haupati kitu. Mwenzake wa kazi amekwama katika mji wa Ngozi kwa sababu mafuta hakuna na magari hayatembei.

"Nani iko hapo chini?" sauti inauliza kutoka darini. "Nipe ile bisibisi ya bluu."

Ninampa. Ninamwambia kwamba mimi si mfanyakazi, ni mzazi tu, ninatafuta ofisi ya mtandao.

"Bon. Mzazi ashike ngazi basi, iko inateleza."

Mtu huyo anaitwa Ilyasi. Ana miaka thelathini na kidogo, ni mzaliwa wa Muyinga mjini, mtoto wa mama muuza vitenge. Ni fundi wa mtandao hapa chuoni, na tangu mwaka huu uanze amepewa kazi ya kubadilisha mlango wa kuingilia kwenye mtandao wa chuo kizima.

Mlango huo hauonekani kwa macho, kwa hiyo nilimwomba anieleze kama anavyomweleza mama yake. Alisema zamani chuo kilikuwa na neno moja la siri, ambalo vijana wanaliita kode. Ukilijua unaingia kwenye intaneti. Neno hilo liliandikwa kwa chaki karibu na mlango wa maktaba, na mvua ilipolifuta kulikuwa na mtu mwema wa kuliandika upya. Waendesha pikipiki za abiria, zile taksi moto, walilijua. Wauza ndizi walilijua. Jumapili watu wa mtaani walikuja na watoto wao, wakaegemea ukuta kwa nje, mtoto anaangalia katuni, baba anaangalia mpira. Siku za kazi, mwalimu aliyesimama mbele ya wanafunzi alishindwa kufungua hata ukurasa mmoja.

Sasa kila mtu anapewa jina lake na neno lake la siri, na simu yake au kompyuta yake inaandikishwa pia. Mtandao unauliza mambo mawili: wewe ni nani, na hicho ulichoshika ni cha nani. Ukijibu sawa, mwanafunzi anapelekwa sehemu ya wanafunzi, mwalimu sehemu ya walimu, mgeni sehemu ya wageni. Vile vifaa vya zamani vya kugawa mtandao, ambavyo vinauliza jina na neno la siri tu bila kuuliza kifaa ni cha nani, vinang'olewa na kuwekwa vipya. Anakwenda jengo kwa jengo ili chuo kisizimike chote kwa pamoja.

Ana namna yake ya kufanya kazi. Kabla ya kukata mtandao wa jengo, anapita kila chumba, anabisha hodi na kusema kwa mdomo: leo mchana hamtakuwa na intaneti, malizeni mnachofanya. Tangazo limebandikwa mlangoni, lakini yeye anabisha hodi vilevile.

"Karatasi watu hawasomi," anasema. "Ukimwambia mtu kwenye uso, hata akikasirika, amejua."

Wanaokasirika ni wengi. Nikiwa nimeshika ngazi, kijana mmoja alipita na kumtupia neno, "We Ilyasi, umekuwa polisi ya waifai sasa?" Akajibiwa kutoka darini, "Polisi iko na gari, mi niko na ngazi." Kijana akacheka akaenda zake.

Mimi sikuwa na kicheko. Nilisema lililonileta.

"Mwanangu, nina binti hapa, anaitwa Christina. Mashine yako imemfunga."

Vyuma viliacha kugongana huko juu.

"Christina wa uchumi? Mwaka wa pili?"

"Huyohuyo."

"Ee mama. Ile si mashine. Ni mimi nilimfunga."

Nilikuwa nimeikumbatia ngazi kwa mikono miwili. Ninamshukuru Mungu kwamba niliendelea kuikumbatia.

Kisa chenyewe Christina alikuwa amenisimulia jana yake usiku, katika nyumba ya kupanga mtaani Musinzira anakoishi na wasichana wenzake. Siku wanafunzi walipokuwa wakijiandikisha kwa mitihani, mtandao ulizama kabisa. Watu walisimama kwenye foleni tangu asubuhi mpaka giza. Ilyasi alipotafuta sababu alikuta jina moja linavuta mafilamu bila kupumzika, makubwa na mengi, kama mtu anayejaza duka. Jina hilo lilikuwa Christina.

Alimfunga siku ileile. Msimamizi wa nidhamu, mama mmoja anayeitwa Emerensiana, akamwita binti yangu na kumuuliza hayo mafilamu ni ya nini. Christina hakumtaja mtu. Aliambiwa Ijumaa baraza la nidhamu litakaa, na kosa likithibitika atapoteza mwaka mzima. Mitihani ilikuwa inaanza wiki inayofuata.

"Uliyavuta?" nilimuuliza.

"Mama, simu yangu hata picha mbili inajaa."

"Sasa nani?"

Akainamisha kichwa. Aliyejibu ni Raissa, msichana anayelala naye chumba kimoja, mtoto wa Gitega mwenye mdomo mwepesi. "Mama, binti yako kode yake ni ya jamaa yote. Mi niko nayo. Yule iko nayo. Mpaka kaka yenu wa kibanda iko nayo. Hapa tunamwita Waifai ya Watanzania."

Kaka wa kibanda ni Adriano. Si wa tumbo langu, lakini kambini tulipakana naye kuta. Baba yake, Longino, ni mtu tuliyeshiriki naye njaa na shibe. Adriano ana kibanda nyuma ya ukuta wa chuo ambako anachaji simu za watu na kuwawekea nyimbo. Alipoomba kode, Christina alimpa.

"Ningemnyimaje, mama? Ni ndugu."

Nitasema ukweli kwamba hapo sikuona kosa lolote. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kambini sufuria kubwa ilikuwa moja kwa safu nzima. Redio ilikuwa moja. Hata kadi ya kupokelea chakula, ile yenye jina lako na idadi ya watoto wako, ukiugua ulimpa jirani, akapanga foleni akaitika jina lako, akakuletea mgao wako na mafuta hayajapungua. Mume wangu alipolazwa, Longino aliitikia jina letu kwa muda mrefu kiasi kwamba watu wa ghala walianza kumwita kwa jina hilo. Kuazima jina kwetu ulikuwa wema. Nilimlea Christina katika wema huo, na sikujua kwamba kuna mahali ambapo ungemfungia mlango.

Ndiyo maana watoto wengi waliofungiwa ni wa kwetu. Wanapanga watano nyumba moja, mmoja akipata kode anawapa wote. Ilyasi alinieleza hilo baada ya kushuka kwenye ngazi, akijipangusa vumbi masikioni.

"Mashine haijui Tanzania, mama. Iko inajua tu kwamba jina moja liko mahali kumi saa moja. Mtu mmoja hawezi kuwa mahali kumi."

Basi nikamwomba. Nilimwambia wewe wa Muyinga, mimi wa Muyinga, mfungulie kimyakimya, hakuna atakayejua. Nilikuwa na mfuko wa maharage na maparachichi niliyomletea binti yangu, nikausogeza miguuni pake.

"Hayo peleka kwa Christina, ndiye iko na njaa," alisema. "Mama, kumfungulia naweza. Sasa hivi. Lakini sifungui."

"Kwa nini?"

"Nikifungua, yule anayevuta mafilamu ataingia tena, na alama mpya za kuingia kwenye mtandao zitafunika zile za zamani. Halafu Ijumaa watasema fundi ni mtu wa Muyinga, amesaidia mtu wa Muyinga. Nani ataniamini tena nikisema si yeye? Acha afungwe vizuri. Akifungwa vizuri, ndiyo itaonekana nani anabisha mlango kwa jina lake."

Sikuelewa. Nilichosikia ni "acha afungwe". Nilimwambia ana roho ngumu. Nilimwambia mama yake angemsikia angeona aibu kumzaa.

"Mama yangu anaitwa Kulthumu, anauza vitenge pale Muyinga mjini," alijibu bila kupandisha sauti. "Ukirudi muulize kama niliwahi kuwa na roho laini. Sasa nisaidie kubeba huu waya, tunaenda jengo lingine."

Nikaubeba. Hata leo sijui kwa nini. Labda kwa sababu alisema "tunaenda".

Njiani alinisimulia alikotoka. Kabla ya haya yote alikuwa mbeba mizigo Kobero, kwenye mpaka na Tanzania. Kikundi chao kilimpa kila mtu kizibao chenye namba mgongoni, ili mfanyabiashara ajue mzigo wake kaubeba nani. Siku moja rafiki yake, ambaye kizibao chake kilikuwa kimechanika, alimwomba cha kwake apate tripu moja ya chakula cha watoto. Ilyasi akavua akampa, akaenda kuketi kivulini. Rafiki akabeba robota la nguo za mitumba la mama mmoja, akaingia nalo katikati ya malori, hakuonekana tena.

"Yule mama alipokuja kulalamika, alitaja namba. Hakuna aliyeuliza sura," alisema. "Namba ilikuwa yangu. Wenzangu walijua mimi nilikuwa nimekaa, waliniona kabisa. Lakini namba iko namba. Wakanitoa kwenye kikundi."

Alikaa nyumbani kwa mama yake akila vya bure, mpaka fundi simu mmoja wa Muyinga alipomruhusu aketi pembeni ya meza yake na kuangalia. Aliangalia muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kushika. Kutoka simu akaenda kwenye kompyuta, kutoka kompyuta akaenda shule ya ufundi, akisoma jioni na kutengeneza chaja mchana. Mshahara wake wa sasa unamtosha chumba, chakula, na kitu cha kumtumia Kulthumu.

"Nililia sana siku ile," alisema. "Leo nashukuru. Kama wasingenitoa, ningekuwa bado naota magunia."

Jengo tulilofika ni la ofisi, la zamani, lenye ukuta unaopakana na barabara ya nyuma. Ilyasi alikuwa amebakiza hapo kifaa kimoja cha zamani ambacho hajakibadilisha. Alishika simu yake mbele yake kama mtu anayetafuta upande wa kibla, akatembea polepole, akasimama kwenye mlango wa stoo ya karatasi.

Ndani kulikuwa na kabati la chuma. Tulilisogeza pamoja, mimi upande huu yeye upande ule. Nyuma yake, chini kabisa, kilikaa kisanduku cheupe cha plastiki, kidogo kama kitabu cha nyimbo, kikiwaka taa ya kijani. Waya mmoja ulikwenda kwenye kifaa cha chuo. Taa ilikuwa inapepesa haraka haraka.

Ilyasi alichuchumaa akabonyeza simu yake.

"Angalia, mama. Iko inabisha. Kila dakika inabisha kwa jina la Christina, na mlango unakataa."

Nilitaka akichomoe hapohapo. Alinizuia kwa kiganja.

"Tusiguse. Aje kwanza Mama Emerensiana, aone kilipo kwa macho yake. Nikichomoa mimi, kitakuwa kisanduku tu mkononi mwangu, nitakuwa nimekitoa wapi?"

Alitoka kwenda kumwita. Mimi nikabaki peke yangu, nikachungulia kwenye tundu la hewa juu ya kabati. Upande wa pili, karibu kiasi cha kusikia redio, niliona turubai la bluu lililofunikwa mawe. Nililijua turubai lile. Asubuhi ileile nilikuwa nimekaa chini yake, kwenye kigoda, nikinywa chai aliyoninunulia Adriano kwa sababu alisema mama mkubwa huwezi kuingia chuoni na tumbo tupu.

Ilyasi aliporudi kuniambia kwamba Mama Emerensiana anakuja, alinikuta nimekaa juu ya maboksi. Sijui aliona nini usoni pangu. Alisema tu, "Mi natafuta chombo, mama. Mtu si kazi yangu. Wao wataulizana Ijumaa."

Aliniachia jambo lile mkononi. Nikinyamaza, wangeona kisanduku, lakini jina lililo ndani yake lingebaki la Christina. Wangeweza kusema ni yeye aliyekiweka. Nikisema, nitakuwa nimemtaja mtoto wa Longino, aliyepanga foleni juani akiitikia jina la mume wangu.

Sikungoja Ijumaa. Nilizunguka ukuta nikaenda kibandani.

"Mama mkubwa, umechoka, kaa," Adriano alisema, akivuta kigoda.

"Sikai. Adriano, kile kisanduku nyuma ya kabati ni chako?"

Alipunguza redio. Mteja mmoja alikuwepo anasubiri simu yake, Adriano akampa na kumwambia aje baadaye.

"Christina alinipa kode mwenyewe."

"Alikupa uongee na wazazi wako."

"Nilimwambia ni ya kazi."

"Kazi gani? Ya kumpotezea mwaka?"

"Mwaka upi?"

Hapo nikagundua kwamba hakujua. Christina aliona aibu kumwambia, na yeye aliona mtandao umekatika akadhani ni kawaida ya Gitega. Mfanyakazi mmoja wa usafi alikuwa amemwekea humo stoo kisanduku cha kumrushia mtandao wa chuo mpaka kibandani, kwa kubadilishana na nyimbo. Mafilamu aliyavuta mchana na usiku, akawawekea watu kwenye memori kadi.

"Mimi nilifikiri wakikiona watakata waya tu," alisema. "Waya si unakatwa, mtu anaweka mwingine?"

"Jina halikatwi hivyo."

Alikaa yeye kwenye kile kigoda. Alishika magoti yake kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo.

"Baba atajua?"

"Atajua kutoka kwako. Mimi sitamwambia kabla yako."

"Na wewe mama mkubwa, utasema nini kwa huyo mama wa nidhamu?"

"Mimi nitasimama mlangoni. Wewe ndiye utasema."

Ningependa kuandika kwamba alisimama mara moja, lakini haikuwa hivyo. Alifunga turubai, akalifungua, akalifunga tena. Alipanga chaja zake kwenye boksi, akazipanga upya. Sikumharakisha. Kisha akavaa shati safi juu ya lile alilokuwa nalo, tukaenda.

Emerensiana ni mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alimsikiliza Adriano mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa ameshakiona kisanduku mahali kilipokuwa, na Ilyasi alikuwa amemwonyesha kwamba chombo kilichokuwa kinavuta hakikuwa simu ya Christina wala kompyuta ya mtu yeyote aliyeandikishwa.

"Binti huyu mbona hakusema jina lako nilipomuuliza?" alimuuliza Adriano.

"Sisi hatutajani, mama."

"Mngepoteza mwaka wake kwa sababu hamtajani."



Baraza lilikaa Ijumaa kama lilivyopangwa. Christina alipewa onyo, kwa sababu kode alitoa mwenyewe kwa mdomo wake, na hilo hakuna aliyelikanusha. Lakini alirudishiwa haki ya kufanya mitihani, na Jumatatu alifanya mtihani wa kwanza. Adriano alinyang'anywa kisanduku na kuambiwa asikiegemeze tena kibanda kwenye ukuta wa chuo. Sasa yuko upande wa pili wa barabara, anachaji simu na kuuza vocha. Longino hakufika kwangu kwa muda. Halafu asubuhi moja nilimkuta uani kwetu anatengeneza uzio wa mbuzi ambao sikumwomba autengeneze. Nikampikia uji. Hatukuzungumza habari ya Gitega, na sidhani kama tutaizungumza.

Christina alifunguliwa mtandao siku ileile ya Ijumaa. Ilyasi alimkalisha mbele yake akamwambia achague neno jipya la siri huku yeye akitazama dirishani.

"Mbona hutazami?" Christina alimuuliza.

"Ili kesho usiseme mi nalijua."

Niliporudi Muyinga, yale maparachichi yaliyobaki niliyapeleka kwa Kulthumu. Nilimkuta amekaa katikati ya vitenge vyake, nikajieleza, nikamwambia nimekuja kusema asante na pia kuomba radhi kwa maneno niliyoyasema. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mama, mi mwenyewe alinikatalia. Nilienda Gitega kumsalimia, nikamwambia nipe kode yako nimpigie dada yako kwa video. Unajua alifanya nini? Aliniandikisha kama mgeni. Mimi, mama yake mzazi, mgeni wa siku moja. Kesho yake saa ileile, pap, intaneti imekata."

"Ulimfanya nini?"

"Nilimnyima chapati. Akala mkate mkavu, lakini hakunipa."

Kazi ya Ilyasi haijaisha. Amebakiza maktaba, ambako watu ni wengi na nyaya ni za zamani kuliko yeye. Akikamilisha hapo, anasema, chuo kizima kitakuwa na mlango mmoja unaouliza kila mtu jina lake, na usiku ataweza kulala bila simu kuita.

Baada ya hapo ana mpango ambao ameshauanza. Likizo ijayo anataka kuazima darasa moja la shule ya sekondari mjini Muyinga, Jumamosi mbili kabla ya wanafunzi wapya kuondoka kwenda vyuoni, awafundishe habari ya neno la siri na kuandikisha simu. Atasema kwa Kiswahili na kwa Kirundi. Wazazi wanaalikwa, hasa akina mama. Mwalimu mkuu mmoja amekubali kwa mdomo, na Ilyasi anamsubiri athibitishe.

Nilimuuliza anatarajia nini kwa kazi hiyo isiyo na malipo.

"Mtoto asijifunze hili siku anafungiwa," alisema. "Ajifunze akiwa bado nyumbani, mama yake akiwa amekaa pembeni anasikia. Halafu siku ndugu akiomba kode, mtoto aseme hapana, na mama asimwone mchoyo."

Nimemwahidi nitakuwepo na nitawaleta wenzangu. Kwa sasa, mzazi mwenye mtoto chuoni, haya ndiyo ya kuepuka:

Usimruhusu mtoto kutoa neno lake la siri kwa rafiki, kwa mchumba, kwa ndugu wa damu wala kwa ndugu wa kambini.

Usimwombe mtoto akupe wewe.

Usiandike kode ukutani, mlangoni wala nyuma ya kifuniko cha simu.

Usichomeke kisanduku chochote kwenye waya wa chuo, hata kama aliyekuuzia amesema hakina shida.

Usinyamaze ukiitwa na kuulizwa. Kama jina lako lilishikwa na mwingine, sema siku ya kwanza, kabla baraza halijakaa.

Usiende kwa fundi kumwomba afungue kimyakimya, na akikataa usimtukane.

Usibebe uvumi wa sokoni bila kumpigia mtoto simu kwanza.

Usiache kumfundisha mtoto kugawana. Mwambie chakula agawe, kitanda agawe, nauli agawe. Mwambie na hili la jina, umwambie leo.